Nilijifunza Kuelea Kwanza, Tiketi Baadaye

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma. Kwa wasiojua, jina la mji wetu limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama. Wazee husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye tope, akazama asitoke tena, na watu wakapaita mahali pale kwa mkasa wake. Nimekua nikiiona hadithi hiyo ya kuchekesha, maana tope la kumzamisha tembo Dodoma utalipata wapi? Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na ukizikusanya za mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipokwenda kusoma Dar, na siku hiyo nilisimama mbali nayo kama mtu aliyekutana na mkwe njiani.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia, Machi mwaka jana, kwamba Agosti tunakwenda Shelisheli, sikuwaza pasipoti wala nguo. Nilimuwaza yule tembo.

Safari yenyewe ilikuwa deni. Tulipooana aliniahidi fungate ya baharini, kisha kazi ikampeleka Kondoa wiki hiyohiyo, nami nikamfuata. Fungate yetu ikawa siku tatu karibu na Kolo, tukipanda vilima kutazama michoro ya mapangoni. Ni michoro ya kuheshimika, UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, na siidharau. Lakini mimi niliahidiwa bahari, nikapewa mapango. Deni hilo limekaa miaka kumi na tano. Mwaka jana zabibu za Mpunguzi zilikubali, kikoba kikagawana vizuri, na yeye mwenyewe akalikumbuka bila kukumbushwa.

Kila niliyemwambia alijibu vilevile: "Si Zanzibar ipo?" Ni swali la haki kabisa. Kama hujafika Zanzibar, anza huko. Huhitaji pasipoti, unalipa kwa shilingi, unaongea lugha yako, na ukisahau kitu unampigia ndugu simu. Sisi tulikwishakwenda, mara mbili. Na mume wangu alikuwa na sababu yake ambayo hakuna mwenye kuibishia: alisomea Tanga, akala shelisheli za kuchemsha na za kuchoma mpaka akazoea, na tangu utotoni alitaka kuiona nchi iliyolipa tunda jina.

Basi, maji.

Nina maoni yasiyopendwa na wenzangu wa bara: mtu asiyejua kuelea asikate tiketi ya kisiwa hadi ajue. Tunatumia miezi mitatu kutafuta begi na miwani ya jua, halafu tunafika ufukweni na kushinda tumekaa kwenye kanga tukila mihogo, wakati kitu tulichokifuata kiko hatua kumi mbele yetu. Au vibaya zaidi, tunaingia kwa kuiga walioingia.

Bwawa la hoteli moja hapa mjini huruhusu wasiolala hapo kuogelea kwa malipo ya siku. Nilianza Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa moja asubuhi, kabla wenye bwawa lao hawajaamka. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Ukerewe, aliyeniita "mama" kwa adabu zote huku akinitesa. Wiki ya kwanza hakunifundisha kuogelea hata kidogo. Alinisimamisha kwenye kina cha kiuno, akaniambia nizamishe uso na nitoe pumzi majini kwa pua, mapovu yaonekane. Ni hilo tu, mara ishirini, mara thelathini. Nilidhani ananipotezea muda. Baadaye nikaelewa kwamba hofu yangu yote ilikuwa kwenye pumzi: nilikuwa naibana, kifua kinajaa, mwili unakakamaa, na mwili uliokakamaa unashuka. Wiki ya tatu nilielea chali kwa mara ya kwanza, masikio ndani ya maji, nikisikia moyo wangu mwenyewe kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Wiki ya sita niliweza kukanyaga maji penye kina bila kushika ukuta.

Sijui kuogelea vizuri hadi leo. Ninaweza kuelea, kugeuka, na kwenda mita kama ishirini kwa mtindo ambao kijana wa Ukerewe aliuita "wa mbwa mzee". Kwa kisiwani unatosha. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawani, yanakubeba zaidi, kwa hiyo atakayeelea Dodoma ataelea baharini. Ila tafadhali usiende kujifunzia kwenye malambo. Kwenye maji yaliyotuama yenye konokono ndipo kichocho kinapokaa.

Kuhusu vazi, nilihangaika nalo kuliko nilivyohangaika na maji. Mama wa umri wangu, mjukuu wa mchungaji, nivae nini mbele ya kijana wa Ukerewe? Nikapata lile la mikono mirefu lenye suruali, la kitambaa kinachokauka haraka. Baadaye likanisaidia kwa sababu nyingine, ya jua, nitaieleza.

Mume wangu hakuja bwawani hata siku moja. Alisema yeye amesomea Tanga. Nilipomuuliza kama Tanga aliogelea, akasema alikuwa anakaa mjini.

Kitu cha pili, na hiki tulikifanya vibaya, ni majira. Ofisini kwake yuko mzee mmoja wa Pemba, anakaribia kustaafu, na ndiye aliyetupa somo ambalo sikulikuta popote pengine. Alituuliza tunakwenda lini. Tukasema Agosti. Akatikisa kichwa: "Mnaenda na kusi." Akaeleza kwamba pepo ni mbili, na bahari ya Hindi yote huku kwetu inaishi kwa pepo hizo. Kusi huvuma kuanzia kama Mei hadi Septemba au Oktoba, hutoka kusini mashariki, huleta hali kavu yenye ubaridi kidogo na mawimbi makali. Kaskazi hushika kuanzia Novemba hadi Machi, na kule Shelisheli ndiyo huja na mvua kubwa, hasa Desemba na Januari. Katikati, wakati pepo zinapopishana, Aprili na Oktoba hivi, mabaharia wa zamani walipaita tanga mbili. Hapo bahari hutulia, maji huwa maangavu. "Ningekuwa mimi," alisema mzee, "ningekwenda Oktoba."

Likizo ya mume wangu ilikwishaidhinishwa, na ruhusa ya kutoka nje ya nchi ilikwishaombwa kwa tarehe hizo. Tukabaki na Agosti. Lakini somo la mzee lilituokoa kwa namna nyingine, kwa sababu upepo haupigi kisiwa chote sawasawa. Wakati wa kusi, fukwe zinazotazama kusini na mashariki huchafuka, na majani ya baharini husombwa hadi mchangani yakalundikana na kunuka. Fukwe za upande wa pili zinabaki shwari. Mahé, kisiwa kikuu, ina ufukwe wa Beau Vallon upande wa kaskazini magharibi. Tukafikia huko, tukakuta maji yametulia kama sinia. Wageni tuliokutana nao kwenye basi walifikia upande wa mashariki, kwenye nyumba nzuri kuliko yetu na ya bei nafuu, na kila asubuhi walipanda basi kuja kuogelea kwetu. Kaskazi ikishika, mambo hugeuka. Kwa hiyo kabla ya kutazama picha za chumba, tazama ramani, ujue dirisha linaelekea wapi na mwezi unaokwenda ni wa upepo gani.

(Kwa wanaofikiria Mauritius: kule kuna vimbunga kati ya Novemba na Aprili. Visiwa vikuu vya Shelisheli viko karibu zaidi na ikweta, nje ya njia kuu ya vimbunga.)

Karatasi nitazipitia haraka, maana ni kazi ya kuchosha hata kuisoma. Pasipoti ya kielektroniki kwetu ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Maombi huanzia mtandaoni, na utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi. Hapo mume wangu alikwama wiki tatu kwa kosa lake mwenyewe: jina la babu yake aliliandika kwa L kwenye fomu moja na kwa R kwenye nyingine, kama sisi Wagogo tunavyolitamka tukiwa na haraka. Ikabidi aende kuapa. Anza na vyeti, linganisha herufi kwa herufi, kabla hujalipa chochote.

Shelisheli haidai viza kwa raia wa karibu nchi zote. Watu husikia hivyo wakadhani ni kuamka na kuondoka. Unatakiwa kuomba kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege, ukionyesha pasipoti, tiketi ya kurudi, mahali utakapofikia na uwezo wa kujikimu. Ukifika, unagongewa kibali cha mgeni. Angalia tu kwamba uko kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Zipo za watu binafsi zinazofanana nayo, hupokea maombi yaleyale na kutoza zaidi.

Kadi ya manjano ina hesabu yake. Shelisheli huidai kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na sisi tulikuwa tunapitia Nairobi. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amejichoma bure. Mimi nilichanjwa Juni. Mume wangu alikuwa na kadi ya zamani, ya safari ya kikazi, iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni 2022, akataka kuchanjwa upya. Hakukuwa na haja. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua chanjo hiyo kwa maisha yote, hata kama kadi imeandikwa miaka kumi. Wajawazito, wenye mzio wa mayai na waliovuka miaka sitini wazungumze kwanza na daktari.

Jambo la afya lililonishangaza zaidi ni hili: kule hakuna malaria. Hakuna chandarua kitandani, na wiki nzima sikuacha kukitafuta kwa macho. Lakini sisi tunatoka kwenye malaria, na vimelea vinaweza kuwa vimelala mwilini wakati unapanda ndege. Ukishikwa na homa ukiwa huko, au popote ambapo madaktari hawaoni malaria kila siku, sema mapema, "Natoka Tanzania, nipimeni malaria." Usisubiri wakuulize. Mbu wenyewe wapo, na homa ya dengi ipo, na mbu wa dengi huuma mchana. Dawa ya kupaka ilikwenda nasi.

Tiketi sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili ni letu Waswahili na hakuna kitabu cha Wazungu kitakachokuonya. Tiketi yetu kutoka Dar iliandikwa Alhamisi, 04:10. Mume wangu akasoma, akasema vizuri, Jumatano tutapanda treni ya jioni, tulale Dar, Alhamisi tupumzike, usiku saa kumi tuondoke. Nikamwambia asome tena. Kwa saa zetu, 04:10 ni saa kumi na dakika kumi usiku, na sisi usiku huo tunauita usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Kwa mpango wake tungefika uwanjani ndege ikiwa imeondoka jana yake. Alibisha robo saa nzima, akachora mstari wa siku nyuma ya bahasha, kisha akanyamaza. Ndege nyingi za kimataifa kutoka Dar huondoka usiku wa manane. Kila ukiona namba inayoanza na sifuri, andika chini yake kwa Kiswahili: usiku wa siku gani kuamkia siku gani.

Tuliondoka Dodoma Jumanne. Ile treni ya mwendokasi, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, inakufikisha Dar kwa saa tatu na nusu hivi ikiwa ni ile ya haraka. Wapo wanaoiamini kiasi cha kupanga ndege siku hiyohiyo. Mimi nasema lala Dar, hata kama ni kwenye kochi la mdogo wako Kimara kama sisi.

Na bahati nzuri tulilala, kwa sababu ya mama yangu. Mama alitufungia vitu vya njiani: mlenda mkavu, karanga, ubuyu, na kifurushi cha zabibu kavu, "msije mkashindwa kula vya watu". Nilimshukuru, nikapakia. Ni mdogo wangu aliyeuliza usiku ule kama nimesoma masharti. Visiwa vilivyo mbali na bara huogopa mbegu na wadudu wageni kuliko wanavyoogopa wezi, na Shelisheli ina mimea ambayo haioti mahali pengine popote duniani. Mimea, mbegu, matunda, nyama, vyote vinataka kibali, na ukikaa navyo kimya ni kosa. Mlenda ukabaki Kimara. Mdogo wangu hakusikitika hata kidogo.

Begi lenyewe halikuwa na maajabu. Kanga tatu, ambazo zilikuwa taulo, pazia, shuka la ndege na kitambaa cha kukalia mchangani, na sijaona kitu cha dukani kinachozishinda. Dawa zote kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari cha vidonge vya presha vya mume wangu. Viatu vya mpira vya kuingilia majini, maana chini kuna matumbawe yanayokata na viumbe vya miiba mirefu. Soketi za kule ni zilezile zetu za matundu matatu ya bapa, na umeme ni uleule, kwa hiyo usiuziwe vigeuzi. Magari yanapita kushoto kama hapa. Saa yao iko mbele yetu kwa saa moja.

Fedha zilituaibisha. Shilingi yetu huko ni karatasi, kwa hiyo tulibeba dola na yuro chache, noti mpya zisizo na mkunjo wala mhuri, na kadi ya benki kwa matumizi makubwa. Asubuhi ya kwanza kadi ilikataa. Ikakataa mara ya pili, mwenye nyumba akitutazama kwa huruma. Fedha zilikuwemo. Kumbe kadi ilifungwa isitumike nje ya nchi, na kuifungua kunahitaji kuomba, jambo ambalo tuliyemuuliza kabla ya safari hakulitaja. Tulifunguliwa baada ya siku moja na nusu ya kupiga simu. Kwa siku hiyo na nusu tuliishi kwa zile yuro. Kwa hiyo: fungulisha kadi, ijaribu, na bado beba noti za kukutosha siku tatu.

Maisha ni ghali, nisikufiche. Karibu kila kitu kinakuja kwa meli. Juu ya bei ya chumba kuna tozo ya mazingira, kati ya rupia 25 na 100 kwa kila mtu kwa usiku kulingana na ukubwa wa mahali ulipofikia. Ilianza mwaka 2023, na wengi huisahau kwenye bajeti. Tuliokoa kwa kuchagua nyumba yenye jiko, kupanda mabasi ya umma badala ya teksi, na kula kwenye vibanda vinavyouza chakula cha kubeba, ambako ndiko wenyeji wanakula: wali, samaki, mchuzi wa dengu, pilipili kali. Pweza wao wa nazi ukimpeleka Tanga hakuna atakayeshangaa. Wana mchuzi wa popo pia. Mume wangu aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, akahama meza.

Tunda lenyewe, shelisheli, alilipata. Kwa Kikrioli chao wanaliita friyapen, na waliikaanga vipande vyembamba kama chipsi. Mama aliyetuuzia alicheka sana tulipomwambia kwamba kwetu tunda hili tunaliita kwa jina la nchi yake. Akatuambia usemi wao, kwamba aliyekula friyapen atarudi. Mume wangu akaomba sahani ya pili.

Sasa feri. Kutoka Mahé kwenda kisiwa cha Praslin ni kama saa moja kwa boti iendayo kasi, na mwezi wa Agosti saa hiyo ni ndefu. Nilimeza kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla, nikakaa chini katikati ya boti, nikakazia macho mstari wa upeo wa bahari, nikatafuna tangawizi. Mtu wa Tanga alikataa kidonge. Alipanda juu mbele, mahali pazuri pa kupiga picha. Dakika ya kumi na tano alishuka bila rangi, na dakika ya ishirini mhudumu alimletea mfuko, kisha wa pili. Tulipofika Praslin aliketi gatini muda mrefu akishika nguzo. Sikusema neno. Nimeolewa miaka kumi na tano, najua wakati wa kunyamaza.

Praslin tulikwenda kwa ajili ya Vallée de Mai, msitu wa mitende ulio kwenye urithi wa dunia tangu 1983, ambako inaota ile nazi ya mapacha, coco de mer, yenye mbegu kubwa kuliko mmea wowote duniani. Moja inaweza kupita kilo 20. Ukitaka kuinunua, hakikisha ina cheti cha serikali, bila hicho utaiacha uwanja wa ndege pamoja na faini. Sisi tuliipiga picha.

La Digue ni robo saa tu kwa boti kutoka hapo. Magari ni machache, watu wanaenda kwa baiskeli, na hapo nilimwacha mume wangu nyuma kabisa. Baiskeli nilijifunza nikiwa na miaka minane, na kila siku nilibeba madumu mawili ya maji kutoka bombani. Kuendesha bila dumu niliona kama kupaa.

Ni La Digue pia nilipokiona kile kijana wa Ukerewe alichonionya. Upande wa kusini mashariki kuna ufukwe unaoitwa Grand Anse, mzuri wa kukutoa machozi, na mabango yanakataza kuogelea. Mkondo wa maji hapo unaweza kumvuta mtu kutoka ufukweni hadi kwenye kina, na wanaokufa mara nyingi ni wale wanaopigana nao kurudi moja kwa moja hadi nguvu zinaisha. Ukinaswa, elea, pumua, kata kwa ubavu sambamba na ufukwe mpaka uutoke, ndipo urudi. Nilikaa juu ya mchanga nikiyatazama yale maji, nikayasoma mabango yote, na sikulowesha hata kidole. Vijana wawili wageni waliingia. Walitoka, namshukuru Mungu, lakini mmoja wao alitoka akitetemeka.

Niliingilia Anse Source d'Argent, upande wa pili wa kisiwa, ambako matumbawe yanavunja mawimbi kwa mbali, na maji yanakufika kifuani. Unapita ndani ya shamba la kale na kulipa kiingilio. Nenda maji yanapojaa, maana yakipwa utatembea kwenye matumbawe. Nililala chali kati ya yale mawe makubwa ya kijivu, masikio yakazama, nikausikia tena ule mtwangio wa nyumba ya pili. Nilikaa hivyo mpaka vidole vikanyauka. Mume wangu alisimama maji yakimfika magotini, akishika kofia.

Naye ndiye aliyeungua. Alikuwa amesema mtu mweusi haungui, na Dodoma tuna jua kali kuliko hili. Jua la Dodoma linakupiga kutoka juu, la baharini linakupiga kutoka juu na kutoka chini, kwenye maji na kwenye mchanga mweupe, na upepo unakupoza usijue. Siku ya tano alianza kubanduka mabegani. Mimi na vazi langu la mikono mirefu nilimpaka mafuta ya mgando usiku kucha, nikicheka gizani.

Tulirudi Dar asubuhi ya Jumapili. Hapo nikakumbuka agizo. Mama, alipokuwa akifunga ule mlenda, aliniomba kitu kimoja tu: chupa ya maji ya bahari, anayaamini kwa miguu yake. Kule Shelisheli nililisahau kabisa. Treni ilikuwa ya mchana, kwa hiyo tukapita ufukweni Dar, nikakunja sketi, nikaingia mpaka kwenye mapaja bila hata kufikiri, nikajaza chupa.

Jioni tulikuwa kwa mama, tumekaa chini ya mwarobaini wake. Akaishika chupa, akaiinua kwenye mwanga, akafungua, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Haya ndiyo ya Shelisheli?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia nimeyachota Dar asubuhi ile, lakini ni bahari ileile, mama, imeungana, hakuna ukuta katikati.

Mama akafunga chupa polepole, akamtazama mkwewe aliyebanduka mabega, akanitazama mimi.

"Sasa nauli yote ile ilikuwa ya nini?"